Kadi Aliyoikataa Ouma

Jumamosi saa tano asubuhi Kawangware haina pa kuweka mguu, na ndiyo maana Ouma aliuweka wake ndani ya beseni la Wanza.

Beseni hilo lilikuwa limejaa feni ndogo za kupoza kompyuta, na mbili kati yazo zilivunjika papo hapo. Wanza alikuwa amechuchumaa kando ya kibanda chake akifungua sipiyu kuukuu ya kompyuta iliyotoka ofisi fulani ya mjini. Akainua macho. Alichokiona kwanza ni kiatu cheusi kilichong'arishwa kama cha bwana arusi, katika soko lenye tope la jana. Juu yake suruali iliyopigwa pasi, shati la samawati, na juu kabisa uso mrefu wa kijana aliyeona haya mpaka masikioni.

"Pole, siste. Sikuiona."

"Beseni yote hiyo hukuiona? Unatembea macho juu kama mtu anangoja ndege?"

"Sasa umejuaje?" Ouma alicheka. "Ni ndege imenileta hapa, walai."

Wanza akasimama. Alikuwa amevaa ovaroli ya jinzi iliyokunjwa miguuni, na kwenye nywele zake za kusuka alikuwa amechomeka bisibisi, kama wengine wanavyochomeka ua. Aligundua kwamba mteja huyu anaitazama ile bisibisi kuliko anavyotazama bidhaa. Hakuchukia, ila alijifanya amechukia.

Ouma akajieleza. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha huko Gatwekera, Kibera, na alipanga chumba Soweto West, mahali ambapo ndege zinazotua uwanja wa Wilson hupita juu ya mabati mchana kutwa. Tangu utotoni alitaka kujua mtu huona nini akiwa kule juu. Sasa kulikuwa na mchezo wa kompyuta wa kuendesha ndege, upepo wake na milima yake kama kweli, na alikuwa ameujaribu kwenye saiba, duka la intaneti la rafiki yake Collins. Mashine ya Collins ilikohoa kidogo ikazima.

"Usukani nimeshatengeneza," alisema kwa fahari. "Nimeuchomelea mwenyewe. Na pedali za miguu, zinavutwa na waya za breki za baiskeli. Kimebaki kompyuta."

"Kwa hivyo una kila kitu isipokuwa ndege."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Niuzie moja moja, pole pole. Na nataka ile ya taa taa, nyekundu na kijani, zinazunguka."

"Wajaluo na mapambo! Ndege hairushwi na taa."

"Na abiria watajuaje ni ndege ya maana?"

Wanza alicheka mpaka Irungu, muuza simu wa kibanda cha jirani, akageuka kutazama. Kisha akawa fundi. Alimweleza kwamba vijana wengi wakisikia mchezo hukimbilia kadi ya picha, lakini mchezo wa ndege humtesa kwanza prosesa, kwa sababu ndiye anayepiga hesabu za upepo na uzito na mabawa. Hivyo waanze na prosesa mzuri na bodi yake. Halafu memori ya kutosha. Halafu pawa saplai ya kuaminika, maana Kibera stima ikirudi hurudi na hasira. Kadi ije mwisho.

"Taa je?"

"Taa utawasha ya chumba."

Basi wakaanza. Kila Jumamosi Ouma alifika, kiatu kinang'aa, na wakachagua kitu kimoja. Kuchagua kwenyewe kulichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wanza alijaribu kila spea mbele yake, akaiwasha, akaiacha ichemke, akaigusa kwa kidole, na wakati ikichemka walikula mahindi ya kuchoma na kubishana. Ouma alimwita jaber. Wanza aliuliza maana yake, akaambiwa ni mrembo, akasema Kijaluo ni lugha ya uongo. Wiki iliyofuata alipoitwa Wanza tu, aliuliza kwa nini leo amenyimwa jina lake.

Katikati ya juma simu ililia.

"Mnara, Mnara, hii ni ndege ya Gatwekera. Naomba ruhusa ya kutua."

"Ndege ya Gatwekera, zunguka hapo hapo. Niko na wateja."

"Mnara, mafuta yanaisha."

"Si ungejaza kabla ya kutoka? Nipigie saa kumi, bana."

Alikata akitabasamu, na wateja wakapata bei nafuu siku hiyo bila kujua sababu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kawangware nzima ilikuwa imekisikia kikohozi cha Wanza isipokuwa Ouma peke yake, au ndivyo Wanza alivyodhani.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Ouma. Kaka yake Munyao alikuwa amefungua duka la kompyuta Machakos mjini, duka la kweli, lenye kioo na mlango, na alitaka Wanza akalisimamie. "Nipe jibu kabla mwezi uishe," alisema Munyao, "ama nitafute mtu mwingine." Mwaka uliopita Wanza angeondoka kabla simu haijakatwa. Sasa alingoja. Alingoja neno moja kutoka kwa Ouma, neno lisilo na prosesa wala memori ndani yake. Kama lingekuja, angejua la kumjibu Munyao. Kama lisingekuja, angejua pia. Alimpenda, na hilo hakutaka kulisema yeye kwanza.

Ikabaki kadi ya picha. Wanza alipata moja nzuri, imetumika kidogo. Ouma akaigeuza geuza, akasema, "Hii hapana. Tungoje nyingine." Sawa. Akatafuta ya pili. Ouma aliiwekea sikio kama daktari, akasema feni yake ina kelele. Ya tatu ilikuwa safi kabisa, ya kumfanya muuzaji mwenyewe aone uchungu kuiuza. Wanza aliifunga kwa kitambaa na kuiweka chini ya meza. Wateja wawili waliitaka, akawaambia ina mwenyewe. Sokoni, kumwekea mtu kitu ni heshima, na mtu anayewekewa anajua hivyo.

Ouma aliifungua, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaitazama bisibisi nyweleni mwa Wanza.

"Wacha nifikirie."

"Unafikiria nini, Ouma? Hii ndiyo yenyewe."

"Hakuna haraka. Si hizo zingine bado nimeziweka tu chini ya kitanda."

Alipoondoka, Irungu alisogea na kikombe chake cha chai. "Mchagua jembe si mkulima," alisema. "Huyo ana fundi mwingine, Wanza. Anakuja hapa kufunzwa, kisha ananunua kwingine. Nimewaona wengi."

"Wewe uza simu zako."

Lakini neno lilishaingia. Jumanne alimpigia Ouma mara mbili, simu imezimwa. Mwezi ulikuwa unaisha. Akaamua: atampelekea kadi mwenyewe, amwekee mkononi, amuulize uso kwa uso. Alivaa gauni la kijani lililokaa kabatini tangu Krismasi, akachomoa bisibisi kichwani, akafunga kadi kwenye mfuko. Alivuka Ngong Road kwa miguu, akashuka mpaka Sarang'ombe, akauliza njia ya Soweto West kwa kila aliyekuwa na uso wa kujibu.

Kavetsa, mama aliyekuwa akikaanga omena nje ya ploti alimopanga Ouma, alimwonyesha mlango kwa mwiko. "Yuko ndani. Anaruka."

Pazia lilikuwa limefungwa kando. Wanza alimwona Ouma kwa nyuma, vifaa vya sauti masikioni, mikono yote miwili kwenye usukani wa bomba. Mbele yake kioo cha kompyuta kilikuwa na ziwa kubwa la buluu na ukanda wa lami ukingoni mwa maji. Kando ya kioo ilisimama sipiyu, imefungwa, inavuma, ile ambayo spea zake zilisemekana ziko chini ya kitanda.

Hakuingia. Ziwa haliwezi kuonekana bila kadi ya picha, na kadi aliyoijua yeye ilikuwa mfukoni mwake. Basi kuna nyingine. Basi Irungu alisema kweli. Alirudi njia ile ile akiwa amebeba gauni lake la kijani kama mzigo. Jioni hiyo alimuuzia Irungu kadi, akampigia Munyao, akasema, "Nakuja. Jumatatu niko huko."

Ouma alipiga simu baada ya Kavetsa kumwambia kuhusu dada aliyesimama mlangoni na mfuko.

"Jaber, ulikuja? Si ungeniita?"

"Ndege yako inaruka vizuri, Ouma. Hongera."

"Wanza, ngoja nikueleze..."

"Usije Jumamosi." Akakata, akazima, akalia kidogo, kisha akaendelea kupanga spea kwenye maboksi kwa sababu Jumatatu haikuwa mbali.

Ouma hakuingoja Jumamosi. Alikuja Alhamisi, katikati ya siku ya kazi, na Wanza karibu asimtambue. Hakuna shati la samawati. Alivaa koti la kazi lenye matundu ya cheche, buti za vumbi la chuma, na paji la uso lilikuwa na masizi. Mgongoni alibeba gunia. Alilitua juu ya meza ya Wanza kwa uangalifu kama analaza mtoto, akaitoa ile sipiyu.

"Fungua," alisema.

"Kazi ya fundi wako hiyo. Si yuko?"

"Sina fundi mwingine. Nimekuomba tu ufungue, Wanza. Ukishaona, nitaenda kama bado unataka niende."

Irungu alikuwa ameacha kuuza simu. Wanza alichukua bisibisi, akafungua skrubu, akavuta ubavu wa sipiyu. Aliona bodi aliyoichagua. Aliona prosesa wake, memori zake, nyaya zimepangwa vizuri na kufungwa kwa vijiwaya vya kuchomelea. Mahali pa kadi ya picha palikuwa patupu. Palikuwa na vumbi la miezi.

Akakaa kwenye kiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyemuuzia prosesa yule, na alijua fika kwamba ana uwezo mdogo wa picha ndani yake, wa kuonyesha barua za ofisi bila kadi. Mteja yeyote angemuuliza, angemjibu akiwa usingizini. Mlangoni pale hasira ilimsahaulisha kazi yake mwenyewe. Hasira hasara.

"Ulikuwa unaruka na hii?" aliuliza. "Bila kadi?"

"Naruka? Ile ndege inarukaruka kama chura. Naona Kisumu, alafu sioni Kisumu, alafu nimeanguka ziwani. Kila siku naanguka ziwani."

"Na kadi nzuri ilikuwa hapa, nimekuwekea! Nimefukuza wateja juu yako! Soko yote inanicheka!" Sauti yake ilipanda, na sasa alilia mbele za watu bila kujali. "Kwa nini, Ouma?"

Ouma alimtazama Irungu, akatazama watu waliosimama, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Kwa sababu kadi ndiyo ilikuwa ya mwisho," alisema. "Nikiichukua, mashine imeisha. Na ikiisha, nitakuja Kawangware kufanya nini? Mimi sijui kuongea, Wanza. Naweza kuongea spea. Nikaona heri nianguke ziwani kila siku, bora Jumamosi nikuone. Nilikudanganya ziko chini ya kitanda. Hiyo nilikosea, na watu hawa wote wasikie nimekosea. Lakini nakupenda. Nilikupenda tangu nivunje feni zako."

Wanza alipangusa macho kwa mkono wa ovaroli. Moyo wake ulijaa mpaka akahisi uzito, na bado alikuwa na hasira, na vyote viwili vilikaa pamoja bila kusukumana.

"Neno hilo nimelingoja miezi," alisema. "Ungelisema mwezi uliopita, Ouma, ningebaki hapa. Nimeshampa kaka yangu jibu. Jumatatu nahamia Machakos kusimamia duka lake, na siwezi kumgeuka."

Ouma alitazama mahali patupu pa kadi, akatazama maboksi yaliyopangwa tayari. "Sawa," akasema. "Basi nitakuja Machakos."

"Na kisingizio gani? Duka la Munyao haliuzi spea za kukataliwa."

"Bila kisingizio. Nakuja na wazee. Pale kazini kuna Gerishon, ni wa huko kwenu. Nilimuuliza mtu akitaka msichana Ukambani anaanza wapi. Akaniambia mbuzi."

"Mbuzi watatu wa ntheo, wa kuposea," Wanza alisema kabla hajajizuia, na Irungu akapiga mluzi. "Hapo ndipo nitakuwa wako."

"Watatu tu? Wacha nianze kuwatafuta. Jumamosi nitapita soko la Dagoretti, niwaangalie vizuri, nichague..."

"Uchague?" Wanza alisimama, bisibisi mkononi. "Usiguse mbuzi, Ouma! Wa kwanza utamkataa, wa pili utasema ana kelele, na mimi nizeeke Machakos nikingoja. Mbuzi watachaguliwa na Munyao. Wewe kazi yako ni kuja."

Watu walicheka. Ouma alicheka pia, masizi yakijikunja usoni, na Wanza akanyoosha mkono akamfuta paji la uso kwa kitambaa cha kupangusia bodi.

"Nije lini?" aliuliza Ouma.

"Hiyo siwezi kukusemea. Sema wewe."

Ouma akavuta pumzi. "Mwisho wa mwezi ujao," alisema, na hakuomba muda wa kufikiria.