Kijamanda cha Mama Sarci

Asubuhi ya siku ya mizani, siku ya kupimwa watoto na wajawazito, Fina aliwahi kuamka, akateka maji kwenye chemchemi, akachochea moto chini ya sufuria ya makande, kisha akaketi mlangoni kumtazama mama yake akipanga kijamanda cha tambuu. Kazi hiyo Mama Sarci hakumwachia mtu. Majani ya tambuu aliyalaza upande mmoja, popoo zilizokatwa upande mwingine, na kikopo cha chokaa katikati. Kijamanda chenyewe kilisukwa kwa makuti ya mvumo na marehemu bibi yake Fina. Kijijini Oetefu, juu kwenye milima ya Timor, mgeni haulizwi hata habari za safari kabla hajapewa tambuu.

Siku hiyo mgeni alikuwa mkunga mpya, Bi Retno, aliyehamishiwa hapo kutoka kisiwa cha Java. Wanawake walikuwa wamejaa barazani mwa kanisa. Wenye watoto wachanga walisubiri mizani, na wenye mimba walisubiri kupimwa presha na kuchomwa sindano ya pepopunda. Yublina, dada yake Fina, alikuwa miongoni mwao. Hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mumewe alikuwa Malesia kwenye mashamba ya michikichi.

Mama Sarci alisogea mbele, akafungua kijamanda na kumnyooshea mkunga kwa mikono miwili. Mkunga hakuinua hata kidole.

"Mama, niondolee uchafu huo hapa," alisema. "Na huo mdomo mwekundu, mtu atadhani umekula watu."

Vijana waliobeba mizani wakacheka. Mama Sarci alikifunika kijamanda taratibu, akageuka, akaenda zake. Fina alimfuata mbio. Alitamani amwone mama yake akilia au akitukana, lakini Mama Sarci alifika nyumbani akaanza kupukuchua mahindi kana kwamba hakuna lililotokea. Hilo ndilo lililomchoma Fina zaidi. Kwao, kuikataa tambuu ya mtu ni kumkataa mwenyewe pamoja na ukoo wake. Pale pale jikoni, akiwa na miaka yake kumi na mitatu, Fina aliapa kwamba mwanamke yule angejuta kuupanda mlima wao.

Nguvu za kumpiga hakuwa nazo. Alikuwa na ulimi. Kesho yake, kwenye chemchemi, alimvizia mwenzake wa darasani aitwaye Norci, msichana ambaye ukimpa siri asubuhi, jioni inakurudia imenenepa.

"Nikikwambia utasema kwa watu," Fina alianza.

"Mimi? Mimi ni kaburi."

"Nimemsikia mkunga akiongea na simu. Sindano zake zinafunga kizazi. Ukichomwa, huyo aliye tumboni ndiye wa mwisho."

Jua lilipozama, kaburi lilikuwa limefukuliwa. Habari ilipita chemchemini, sokoni na kwenye vitanda vya kufumia nguo, na kila ilikopita iliongezewa chumvi. Siku ya mizani iliyofuata, Bi Retno aliketi barazani peke yake hadi adhuhuri, mizani ikining'inia tupu. Fina alijibanza nyuma ya ua wa mawe akimtazama. Alijisikia raha, raha tamu ya kumwona adui yake akipangusa meza ambayo hakuna aliyeichafua. Mkunga alipoanza kupita nyumba kwa nyumba, wanawake walifunga milango na kuwaachia mbwa wamjibu. Fina aliomba Mungu mwanamke yule aondoke kabla ya mvua.

Hakuondoka. Mvua zilianza, mimba ya Yublina ikakua, na miguu yake ikaanza kuvimba. Baadaye uso nao ukavimba. Kichwa kilimgonga mchana kutwa, naye akasema ni baridi ya shambani. Jioni moja, akipepeta mahindi, aliuacha ungo uanguke.

"Naona vimulimuli," alisema, akifikicha macho. Jua lilikuwa bado linawaka.

Shuleni Fina na wenzake waliwahi kufundishwa kwamba mama mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa na uvimbe usoni apelekwe haraka kupimwa presha. Alimshika dada yake mkono, akamwambia waende kwa mkunga sasa hivi.

"Anifunge kizazi? Mume wangu akirudi nimwambie nini?"

"Hafungi. Nilitunga mimi."

Yublina alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyehongwa pipi. "Walimu wamekutuma, eti? Kijiji kizima kinajua. Na mtu aliyeikataa tambuu ya Mama mbele ya watu, mwili wangu nimkabidhi kwa imani gani?"

Mama Sarci alisikia kila neno kutoka jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, na Fina akainama akingojea kipigo.

"Umelifanya hili kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, Mama. Alikudhalilisha."

"Mimi sikukutuma." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nenda ukamlete."

Fina alikimbia kwenye matope hadi nyumba ya mkunga. Alikuta masanduku yamefungwa kamba. Alisema yote kwa pumzi moja: uongo wake, uvimbe wa Yublina, vimulimuli. Bi Retno alisikiliza huku uso ukimbadilika.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miezi yote hii nalala nikijiuliza nimewakosea nini watu hawa. Nilikubeza lini, mtoto wewe?"

"Si mimi. Ulimtukana mama yangu. Ulimwambia amekula watu."

"Nilisema hivyo?"

Fina alitaka kumrukia. Yeye alilala na tusi lile kila usiku na kuamka nalo, na aliyelitoa hakulikumbuka hata kidogo. Ila usoni mwa mkunga aliona jambo ambalo hakulitegemea: aibu. Bi Retno alichukua mfuko wake wa kazi, akauliza njiani afanye nini ili afunguliwe mlango.

"Usijitetee," Fina alimjibu. "Ukipewa, pokea."

Mama Sarci alikuwa ameketi, kijamanda kikiwa kimefunikwa mapajani pake. Hakumkaribisha mgeni. Alimwacha asimame, maji yakimchuruzika kwenye sketi, mpaka Fina akaanza kuogopa kwamba mama yake naye alikuwa akilipiza. Yublina alikuwa amelala kando ya ukuta, mikono kichwani, akigumia. Hatimaye Mama Sarci alimtazama bintiye, akashusha pumzi, akafungua kifuniko.

"Tafuna," alisema.

Bi Retno alipokea kwa mikono miwili. Aliweka jani mdomoni, popoo na chokaa, akatafuna. Chokaa ilimuunguza ulimi, machozi yakamtoka, mate mekundu yakamchuruzika kidevuni. Alikohoa lakini hakutema.

"Mtu atadhani umekula watu," Mama Sarci alisema.

Kisha Bi Retno, mdomo umejaa, akasema, "Nisamehe, Mama. Sikuwa na haki." Yublina alikuwa akitazama yote hayo kwa macho mazito. Aliunyoosha mkono wake mwenyewe, akakunja mkono wa gauni ili apimwe.

Presha ilikuwa juu mno. Lori la mfanyabiashara wa kunde liliwashusha mjini usiku ule ule, na madaktari wakampasua Yublina kabla ya kupambazuka. Mtoto wa kike alizaliwa mdogo kama kiganja na mwenye kelele nyingi. Mama yake alipona.

Waliporudi, Mama Sarci alimpa Fina kijamanda. Alimwamuru apite kila nyumba, atoe tambuu, kisha aseme kwa kinywa chake kwamba alidanganya. Wengine walimsonya, wengine walimcheka, na Norci aliapa kwamba hakuwahi kumwambia mtu. Wengi walirudi barazani siku ya mizani, ambako sasa mkunga alipokea tambuu kwanza, akaitia mfukoni, ndipo akawaeleza polepole kwa nini popoo huharibu kinywa.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika," Mama Sarci alimwambia Fina jioni walipokuwa wakimwogesha mjukuu. "Hata mimi nilikasirika. Lakini mwenye kosa tulimjua na nyumba yake tuliijua. Ungemfuata ukamwambia usoni. Ulichofanya ni kurusha jiwe gizani, na dada yako ndiye aliyekuwa amesimama huko. Na yeye mkunga amejifunza lake: mgonjwa hamfuati mtu anayemdharau, hata akiwa na dawa."

Ilibaki nyumba moja tu, ya mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi michache. Aliamini uongo ule kuliko alivyomwamini Fina, na kila mara alifunga mlango. Fina aliweka popoo mpya kwenye kijamanda, akavuka bonde, akabisha tena.