Udongo wa Kuruthumu

Kila asubuhi Mektilda alifagia mbele ya duka la baba yake pale Kariakoo, akanywa chai kwa muhogo, kisha akakimbia shuleni ili awe wa kwanza kufika. Katika darasa la sita alizoea kuwa wa kwanza kwa kila jambo: hesabu, imla, hata kushona. Lakini mwaka ule wa 1958 alikuja msichana mgeni kutoka Kisarawe, jina lake Kuruthumu, na tangu hapo Mektilda hakupata raha.

Siku moja Mwalimu Leodegar aliingia na gazeti mkononi.

"Mataifa makubwa yanajaribu mabomu," alisema. "Vumbi lake lina sumu ya mionzi. Hupaa juu, kisha hushuka na mvua. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, na hata ukichemsha maji haitoki. Wataalamu wanatafuta vitu vya kuchujia vinavyoweza kuinasa."

"Na mvua ya kwetu, mwalimu?" Kuruthumu aliuliza.

"Swali zuri sana! Hilo litapimwa na wenye vyombo. Sisi hatuna, ila tunaweza kujifunza jinsi kitu kimoja kinavyonasa kingine."

Mektilda akauma midomo. Yeye alikuwa hajaambiwa "zuri sana" tangu muhula uanze.

Mwalimu alidondosha dawa ya vidonda, ile ya zambarau, ndani ya ndoo ya maji. "Tuseme rangi hii ndiyo sumu. Kila mmoja atafute kitu cha kuinasa, akitie katika kopo. Maji haya hayanywewi! Siku ya wazazi tutapima makopo yote, na matokeo nitawapelekea walimu wa shule nyingine wayafundishe."

Mektilda alitwanga mkaa, akaujaza katika kopo lililotobolewa chini. Maji yalitoka meusi kwa vumbi la mkaa, akauosha mara nne, na mwishowe yakatoka meupe kiasi. Kuruthumu alileta udongo wa bibi yake, mfinyanzi wa vyungu. Mara ya kwanza udongo uliziba, halikutoka hata tone. Watoto walimcheka. Yeye akaukausha, akauponda, akauchanganya na mchanga. Ijumaa maji yake yalidondoka polepole, meupe kama ya mvua.

"Hebu njooni mwone!" Mwalimu aliita. Darasa zima likamzunguka Kuruthumu. Mektilda alibaki peke yake na kopo lake.

Wenzake walipotoka kwenda kucheza, alichukua sindano ya kufumia, akaichomeka katika udongo wa Kuruthumu, kando ya ukuta wa kopo, mpaka chini. Akafukia tundu kwa mchanga kidogo juu.

Jumamosi wazazi walijaa darasani. Bibi yake Kuruthumu alikaa mbele, mikono ina nyufa za udongo. Maji ya Mektilda yalitoka meupe, watu wakapiga makofi. Yakamiminwa ya Kuruthumu. Yalipita upesi upesi, zambarau tupu.

"Jana yalikuwa meupe, bibi," Kuruthumu alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Basi, mjukuu wangu. Labda udongo wangu ni wa vyungu tu."

Mwalimu akafungua daftari, akaanza kuandika, huku akisoma kwa sauti: "Udongo wa mfinyanzi..."

Mektilda alimtazama yule bibi aliyeinamia mikono yake. Makofi aliyopigiwa yakamchoma.

"Mwalimu, usiandike!" alipaza sauti. "Udongo unanasa. Mimi nimeutoboa."

Baba yake akainuka. "Mektilda! Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu, baba." Akamgeukia yule bibi, akapiga magoti. "Shikamoo, bibi. Nisamehe. Nisamehe, Kuruthumu."

"Marahaba. Inuka, mwanangu," bibi alisema.

Kuruthumu alifuta macho. "Nitakusamehe. Lakini leo bado nina hasira."

Mwalimu alimwamuru Mektilda aumwage udongo wote, aponde mwingine mkavu uliobaki na kuushindilia mbele ya wazazi. Vidole vilimchubuka. Kuruthumu alisimama kando akimtazama, kisha akashindwa kuvumilia: "Ongeza mchanga, utaziba huo!" Wakamaliza pamoja. Maji yakamiminwa, wote wakasubiri. Tone la kwanza likaanguka ndani ya bilauri, jeupe. Bibi akapiga kigelegele.

Mwalimu Leodegar aliandika matokeo, kisha akafunga daftari.

"Watoto wangu, mtu mwenye wivu hudhani anamuumiza mwenzake mmoja tu," alisema. "Kopo likiharibiwa hutengenezwa. Lakini ningeandika uongo ule, shule nyingine zingeufundisha, na siku moja mwenye maji yenye sumu kweli angeutupa udongo ambao pengine ungemfaa. Mektilda amefanya kosa kubwa, na amepata aibu mbele yenu. Hata hivyo amesema kweli kabla wino haujakauka. Mwenzako akikushinda, muulize amefanyaje, nawe ujifunze."

Jumatatu, Mektilda alimfuata Kuruthumu na kumuuliza.