Sukari Iliyo Kwenye Ganda la Uduvi

Kacha, kacha, kacha. Sauti ilitoka chumbani kwa Bibi kabla hakujapambazuka. Mshonaji aliwasha taa. Alimkuta mama mkwe wake ameketi kitandani, shavu limetuna, kiganjani ana uduvi, wale kamba wadogo waliokaushwa. Pembeni mjukuu, Pengo, alijifanya amelala, ufunguo wa kabati ukichungulia kiganjani mwake.

"Mama, tulikubaliana," mshonaji alisema kwa upole.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwezi uliopita, katika darasa la jioni, mshonaji alisikia kwamba ganda la uduvi lina kitini, ile dutu inayolifanya liwe gumu, na kwamba kitini imejengwa kwa sukari. Hakusubiri kipindi kiishe. Alikimbia nyumbani akafungia kopo la uduvi kabatini. Bibi aliuliza kama kamba nao siku hizi wamegeuka pipi. Lakini tangu hapo sahani yake ilirudi jikoni karibu imejaa, na gauni lilianza kumpwaya.

Jioni ya siku aliyomkuta Bibi akitafuna, mshonaji alimweleza mwalimu wa darasa lile yote hayo, machozi yakimlengalenga. Mwalimu alimwomba uzi na shanga, akazitunga.

"Huu ni wanga," alisema. "Kila shanga ni punje ya sukari. Mwili wetu una mkasi wa kuukata, ndiyo maana wali na viazi hupandisha sukari. Selulosi ya majani na mbao nayo ni mnyororo wa sukari. Kitini ni ndugu yao. Wote huitwa polisakaridi."

"Basi si hatari ileile?"

"Hapana. Punje za kitini zina kishikizo chenye naitrojeni, na mshono wake ni mwingine. Mkasi wetu hauukati vizuri. Sehemu kubwa hupita tu. Hukusikia vibaya, mwenzangu. Uliondoka mapema."

Akamwonya kuhusu chumvi, na kwamba dawa na vipimo viendelee kama kawaida.

Kesho yake mshonaji alisuuza uduvi, akaukausha kwenye kikaango bila mafuta, akaunyunyiza juu ya mboga ya Bibi. Waliendelea kupima, na sukari haikupanda. Sahani zikaanza kurudi tupu.

Ila Bibi alikuwa amezoea kujificha. Mezani alitafuna polepole, mkono ukiziba mdomo, asisikike. Pengo alimtazama, akausogeza ule mkono taratibu.

"Bibi, tafuna kwa sauti."