Fimbo Sita Chini ya Turubai

Mashine ilikohoa mara mbili, ikapiga mluzi kama birika, ikanyamaza.

Boti iliyokuwa ikikata mawimbi kwa omo, pua yake, ikageuka polepole, ikayapa ubavu. Wimbi la kwanza liliwalowesha tu. La pili likaingia lote, likamzoa daktari wa meno kutoka kwenye kiti chake na kumketisha sakafuni, maji ya kiuno.

"Fueni maji," nahodha alisema, bila kupaza sauti. Alikuwa mwanamke mwenye mabega ya mpiga kasia, na cheti cha unahodha alichokipata baada ya kufeli mtihani mara mbili. Cheti chenyewe hakikuwa kimemaliza miezi miwili. "Daktari, ndoo hiyo. Wifi, nishikie miguu."

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa fundi wa fimbo za kuvulia. Alimshika vifundo kwa nguvu zote, nahodha akalala kifudifudi juu ya tezi, nyuma ya boti, na kuinua mashine kutoka majini. Propela haikuonekana. Mahali pake palikuwa na donge jeupe la mshipi wa kuvulia, limekazwa mpaka limeyeyuka kwa joto. Kutoka kwenye donge hilo nyuzi zilirudi ndani ya boti, zikapita juu ya ukingo, zikaingia chini ya turubai lililofunika fimbo sita.

Fundi aliziona. Hakuhitaji kufunua turubai ili ajue kilichokuwa chini yake.

Mjini walimjua kwa jambo moja: kwa miaka tisa hakuwahi kumkabidhi mteja mshipi uliojisokota. Fimbo iliyotoka mikononi mwake ilikuwa imevuliwa ndoana, mshipi umekazwa, vipande viwili vimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli, na vyote vimevishwa soksi ya kitambaa kama mtoto anayepelekwa kliniki asubuhi ya baridi. Zaidi ya yote, rili, gurudumu la kuzungushia mshipi, ilikuwa imefungwa. Kila rili ina waya mdogo wa kupinda, mfano wa mkono wa ndoo. Ukiwa wazi, uzi unatoka bure. Ukifungwa, uzi unatulia. Aliwaambia wanagenzi wake kwamba anayesahau waya huo aende akauze nyanya, ingawa hata nyanya angezipanga vibaya.

Lakini asubuhi ile, gatini, Daktari aliyekuwa akienda kisiwani kwenye mashindano ya uvuvi alimwomba amwonyeshe jinsi anavyorusha. Fundi akarusha fimbo ya kwanza kati ya sita alizokuwa akizipeleka huko, Daktari akapiga makofi. Akarusha ya pili. Wapita njia wakasimama, na mpaka ya sita palikuwa na watu kumi wanaomtazama, naye anajua kwamba anatazamwa. Nahodha akaita kwamba wingu la kusini halikumpendeza, wakichelewa watakutana nalo. Fundi akazilaza fimbo zote chini kama zilivyo, ndoana zinaning'inia, nyaya ziko wazi, akatandaza turubai juu na kulinyoosha pembe zake vizuri.

"Umezifunga, wifi?" nahodha aliuliza. "Nikusaidie?"

"Na wewe," Fundi alimjibu, watu wakisikia, "utamfundisha samaki kuogelea?"

Watu walicheka. Nahodha naye alicheka kidogo, akawasha mashine.

Sasa nahodha alikuwa akikata mshipi kwa kisu, kichwa chini, mawimbi yakimpiga usoni. Boti ikaruka. Fimbo moja ikachomoka chini ya turubai, na ndoana yake ikazama kwenye kiganja cha nahodha, chini ya dole gumba, ikapotelea nyamani mpaka shingo ya ndoana.

Walimvuta ndani. Alikuwa amekunja midomo.

"Mimi ni wa meno," Daktari alisema, akiutazama mkono.

"Basi ihesabu kuwa ni jino."

"Usiivute," Fundi alisema haraka. "Ina mwiba, itatoka na nyama. Isukume mbele mpaka ncha itokeze upande wa pili, uukate mwiba kwa koleo hii, ndipo uirudishe." Maelekezo hayo alikuwa nayo miaka yote, yameandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa karakana yake.

Daktari alifanya hivyo kwa mikono isiyotetemeka, huku boti ikiwarusha wote watatu. Nahodha alipiga paji la uso ubaoni mara tatu, basi. Mkono ulipokwisha kufungwa kwa tai ya Daktari, akasema, "Ni mimi. Kabla mashine haijazimika, mawimbi yalipoanza kuturushia maji, nilizihamisha fimbo huku nyuma ili tupate nafasi ya kufua. Ndipo mshipi ukaponyokea majini. Nimekuharibia kazi, wifi. Nisamehe."

"Nahodha hagusi mzigo wa mtu bila kuuliza," Daktari alisema. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa imepata pa kutua. "Tukifika salama, ofisi ya bandari itasikia. Wanakupaje cheti?"

Fundi alikuwa na ndoo mkononi. Palikuwa na nafasi ya kusema, pana kabisa, kama mlango wa godauni. Akainama akafua maji.

Mashine haikuwaka tena, na jioni bahari iliwatupa kwenye mwamba, jiwe tupu la ukubwa wa uwanja wa shule, jeupe kwa mavi ya ndege, lisilo na mti wala kisima. Ubavu wa boti ulipasuka. Waliokoa turubai, fimbo, jaketi moja la kuelea, kamba ya mita ishirini na dumu lililobaki na maji ya lita tatu. Nahodha alipima: kila mtu kizibo kimoja, na kingine jua likichomoza. Walilala wamebanana, na hakuna aliyepata usingizi wa maana.

Asubuhi mkono wa nahodha ulikuwa umevimba kama andazi, na homa ilikuwa imempanda. Hata hivyo ndiye aliyewaonyesha njia.

"Boti za wavuvi hupita pale," alisema, akielekeza kwa kidevu mahali mawimbi yalipovunjika na kufanya mstari mweupe. "Watatuona. Lakini hawataingia, chini kote ni miamba."

"Tutaogelea," Daktari alisema.

"Ukiingia mle bila kamba ya kushika utatokea upande wa pili umeshakuwa nyama ya kusaga. Kamba yetu ni fupi. Yao ndefu, ila hakuna mtu wa kuirusha mpaka huku."

"Mshipi unafika," Fundi alisema. "Nikirusha mshipi wenye chubwi zito la risasi, upepo ukiwa mgongoni, unafika. Wataufunga kwenye kamba yao, nasi tutaivuta."

Wote watatu waliligeukia rundo. Fimbo sita zilikuwa zimekuwa kitu kimoja. Mshipi ulikuwa umeingia ndani ya mshipi, umezunguka magurudumu, umeshonwa na ndoana na kukazwa na chumvi.

"Nipeni kivuli," Fundi alisema.

Walimshikia turubai juu ya kichwa. Hukati kwanza, unatafuta kitanzi kilicho huru na kukipanua, wala huvuti hata uzi mmoja. Ngozi ya vidole ilichanika, chumvi ikaingia. Fimbo ya kwanza ilipotoka, waya wa rili yake ulikuwa wazi, unamkodolea macho. Alitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Kidole chake kikaufunga. Tak.

Ya pili ikatoka. Tak. Ya tatu. Tak.

"Unafunga nini, wifi?" nahodha aliuliza. Alikuwa amelala ubavu, macho mekundu.

"Rili."

"Kumbe zilikuwa wazi?"

Fundi aliinamia fundo lililofuata. "Mawimbi," alisema. "Mawimbi yamezifungua."

Nahodha alifikiri kidogo. "Au mimi nilipoziburuta. Nilizishika vibaya, sikujua zinavyoshikwa. Basi kweli ni mimi." Akafumba macho. "Ukimwona kaka yangu kabla yangu, mwambie nilijitahidi."

Daktari alisogea karibu. Alimwekea kizibo cha maji mdomoni, na kilikuwa kizibo chake mwenyewe.

Fundi aliendelea kufungua mafundo. Kunyamaza kungeweza kuitwa hofu. Lakini sasa alikuwa ameutamka uongo kwa kinywa chake, na mgonjwa ameupokea, ameuongezea nyama na kuubeba. Nyaya tatu zilizobaki hakuweza kuzigusa. Alizitazama tu.

Saa saba mchana boti ya wavuvi ilitokea, Daktari akapunga turubai mpaka ikageuza. Ilisimama nje ya mstari mweupe. Wanaume wawili walionyesha kwa mikono kwamba hawawezi kusogea zaidi.

Fundi alisimama ukingoni na fimbo ndefu kuliko zote. Alirusha. Uzi ukakwama kwenye fundo moja aliloliruka kwa haraka, chubwi likaanguka katikati ya povu. Aliuvuta wote, akaketi, akalifungua fundo lile. Halafu akaupitisha mshipi wote mkononi, mita baada ya mita, huku Daktari akimhimiza kwamba boti itaondoka.

"Itangoja," Fundi alisema.

Alirusha tena. Chubwi lilipanda, likachukuliwa na upepo, likapita mstari mweupe na kuanguka nyuma ya boti ile. Mvuvi mmoja aliudaka mshipi kwa kasia.

Kamba ilikuja polepole, nzito kwa maji, Fundi na Daktari wakiivuta. Waliifunga kwenye jiwe. Nahodha alitangulia, jaketi la kuelea kifuani, mkono mmoja kambani, na Fundi akamfuata akimsukuma mgongoni, Daktari nyuma yao. Mawimbi yaliwazamisha mara nne. Miamba iliwachuna magoti. Walitolewa majini kama magunia.

Zahanatini waliupasua mkono wa nahodha, wakatoa usaha, wakaushona. Muuguzi alimwambia dole gumba huenda lisikunjike tena. Siku ya tatu waliitwa ofisi ya bandari, chumba chenye feni isiyozunguka, benchi moja na jagi la maji lililofunikwa kwa sahani.

"Kazi?" afisa aliuliza.

"Fundi wa fimbo za kuvulia."

"Lako rahisi. Daktari ameeleza, na nahodha amekiri mwenyewe. Cheti chake tunakishikilia. Wewe thibitisha tu, usaini chini ya sahihi yake."

Sahihi ya nahodha iliandikwa kwa mkono wa kushoto. Ilipinda, ikavuka mstari, ikaishia na doa la wino, kama ya mtoto wa chekechea. Fundi aliishika kalamu. Akairudisha mezani.

"Hii siwezi kuisaini. Fimbo sikuzifunga. Zihamishwe au zisihamishwe, mshipi ungetoka tu. Aliniuliza kabla hatujaondoka, nikamdhihaki mbele za watu."

Afisa aliinua macho. Kwenye benchi, nyuma ya Fundi, nahodha na Daktari waligeuka kumtazama.

"Rili ngapi zilikuwa wazi?"

"Sita."

"Zote?"

"Zote. Tatu nilizifunga kule mwambani zisionekane. Aliponiuliza nikasema ni mawimbi."

"Hilo la mwisho sikukuuliza."

"Liandike."

Afisa aliandika. Ilichukua muda mrefu. Kisha akaichukua ile karatasi ya kwanza na kuichana vipande viwili.

Nje, nahodha aliketi kwenye ngazi. Fundi alisimama kando, hajui aweke wapi mikono.

"Nilikuwa na homa," nahodha alisema bila kumtazama. "Nakuomba msamaha, nawe unanisikiliza."

"Ndiyo."

"Ukaendelea na kazi."

"Ndiyo, wifi."

Pikipiki ilipita. Nahodha aliangalia kiatu chake cha kulia, kamba zake zikiburuta mavumbini, akajaribu kuzifunga kwa mkono mmoja. Akashindwa. Akajaribu tena. Mwishowe akaunyoosha mguu mbele ya wifi yake, uso ameugeuzia barabarani.

Fundi alipiga magoti, akafunga.

"Kaza," nahodha alisema.

Akakaza.

"Kaka yangu utamweleza wewe. Mimi sitakusaidia hata neno." Halafu akainama, na kwa mkono wake mzima akalivuta fundo kulijaribu, mara moja, na mara ya pili.