Punda wa Mama Reina

"Baba, Salamoni simtaki! Namsubiri Yuse!"

"Utamsubiri mpaka lini, mwanangu? Kesho Wayahudi wote mfalme anatufukuza hapa Kastilia, Uhispania, isipokuwa anayekubali kubatizwa awe Mkristo. Mabinti wote wa mtaa wameshaozwa, wasiende safarini bila mume. Umebaki wewe tu!"

Uani sisi majirani tulishatundika kitambaa cha ndoa kwenye fito nne. Salamoni, aliyefiwa na mkewe, alikuwa chini yake akisubiri, maskini, macho chini.

Mara Yuse akaingia, nywele zimelowa chapachapa.

"Orovida, nimebatizwa."

"Umefanya nini?!"

"Mama miguu yake imekufa, hafiki popote. Nimwache na nani? Batizwa na wewe, mpenzi, tuoane, tubaki kwetu!"

Jamani, Orovida alimpenda yule kijana mpaka basi. Alitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa pamoja.

"Mama umemuuliza?"

"Angekataa."

"Yuko wapi huyo mtoto wangu?" sauti ikaita uani.

Mama Reina huyo, juu ya punda, kafungwa kwa shuka asianguke!

"Yuse, tunaondoka wote! Jirani yetu Musa, yule Mwislamu, kanipa punda. Nikamwambia, 'Na wewe utabebea nini kuni zako?' Akasema, 'Mchukue, mama. Leo wanawafukuza nyinyi, kesho sisi.' Mbona umelowa?"

Mama akaelewa mwenyewe.

"Yuse! Nani alikwambia nataka kubaki?"

"Nakuja nanyi, mama! Nitakana, nitasema sikubatizwa!"

"Ukikana, Wakristo watakuchoma moto," baba yake Orovida akasema. "Aliyebatizwa harudi kwetu."

Yuse akaanguka magotini, akaikumbatia ile miguu iliyokufa, akilia kama mtoto.

"Orovida, basi baki wewe! Nitaishi na nani mimi?"

Orovida alijua akifungua mdomo kumjibu atabaki. Alikwenda mpaka chini ya kitambaa.

"Salamoni, nioe. Ila huyu mama ni wangu. Akichoka tunapumzika, akifa tunamzika sisi. Umekubali?"

"Nimekubali."

Akaolewa kwa kwikwi.

Alfajiri tuliondoka mtaa mzima. Orovida alishika kamba ya punda, na Yuse akabaki mlangoni peke yake. Mama Reina aliapa hatageuka nyuma. Tulipofika kwenye kona akageuka, akapiga kelele:

"Yuse! Wakikupa nguruwe, kula, mwanangu! Kula, wasije wakakuua!"