Anayekung'uta Nguo Uani

Mama Mwalimu alikuwa anapepeta mchele jikoni aliposikia mtu anakung'uta nguo uani kwake. Pah! Kimya kidogo. Pah! Pah! Alidhani ni jirani amekuja kutumia kamba yake bila hodi, tabia aliyoichukia kuliko zote, akatoka na ungo mkononi tayari kumpa vidonge vyake. Uani hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa tupu, imebaki na vibanio viwili, nayo ilikuwa inayumba ilhali upepo haukuwepo.

Kesho yake saa kumi na moja jioni, pah! tena. Na keshokutwa. Mtu huyo, kama ni mtu, alikuwa na mpangilio wake: mapigo matatu, anageuza nguo, mapigo matatu mengine. Mama Mwalimu alijua kabisa kwamba hapo katikati anageuza nguo, ila hakujua amejuaje, na hilo lilimnyima raha.

Nyumba ilikuwa na watu watatu. Mumewe alikuwa amestaafu kiwanda cha mapaa ya asbesto, yale ya kijivu yenye migongo migongo, na mtaa mzima ulimwita Mzimu. Jina alilipata enzi za kazi, kwa kuwa alirudi nyumbani mweupe pe kwa vumbi kuanzia utosini hadi viatuni, yanaonekana macho tu, na watoto wa mtaani walimkimbia huku wakicheka mpaka wanaanguka. Mtoto mmoja tu hakumkimbia: bintiye wa pekee, ambaye sasa alikuwa na miaka thelathini na mitatu na kila mtu, hata baba yake, alimwita Mwalimu.

Mwalimu alirudi kwa wazazi wake mvua zilipoanza, na sanduku moja na kikohozi. "Chaki hizo, mama," alisema. Lakini ilipita miezi minne bila kushika chaki, na kikohozi hakikwenda likizo. Alikuwa amekonda, pumzi fupi, na ubavu wa kulia ulimchoma kila alipocheka, kwa hiyo akaacha kucheka.

Chumbani kwake, nyuma ya kitanda, ukuta ulikuwa umetoa doa jeusi. Mama Mwalimu alilisugua Jumatatu kwa brashi na dawa ya madoa hadi mkono ukafa ganzi. Alhamisi doa lilikuwa limerudi, na limepanda juu kwa shubiri nzima. Lilinuka kama nguo mbichi iliyosahaulika kwenye beseni. Na kila lilivyopanda, Mwalimu alizidi kukohoa.

"Paa linavuja hapo," alinong'ona kwa mumewe.

"Paa langu halivuji," alijibu Mzimu, akainua shingo. Paa lile alikuwa amelijenga mwenyewe kwa vipande vilivyopasuka, ambavyo kiwanda kiliwaachia wafanyakazi wabebe mabegani. Lilikuwa na viraka vingi kuliko suruali ya mvulana mtukutu, ila alilipenda kama mtoto wa pili. "Hii ni nyumba yenye baridi kuliko zote mtaani. Uliza mtu yeyote."

Pah! ikasikika uani. Mzimu akageuka haraka kuutazama mlango wa uani.

"Kumbe na wewe unasikia," mkewe akasema.

"Tangu wiki iliyopita. Sikutaka kukutia hofu."

Kutoka chumbani Mwalimu aliita kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, nani huyo anafua kila jioni? Na yule mtoto anayecheka ni wa nani?"

Mama Mwalimu alitega sikio. Yeye hakuwa amesikia mtoto.

Jumamosi walimleta mganga, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayejulikana kwa kazi ya kutoa majini. Alilitazama doa, akalinusa, akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa saa iliyoanguka majini. "Huyu amejikita," alisema. Akaamuru madirisha na mlango vifungwe. Mwalimu akaketishwa katikati ya chumba. Mzimu akapewa mpini wa ufagio apige paa kwa chini, kwa nguvu zake zote, ili kiumbe kisipate pa kujificha, na Mama Mwalimu akapewa kisu akwangue ukuta.

Wakaanza. Mzimu alipiga, paa likalia, unga wa kijivu ukashuka juu ya vichwa vyao, Mama Mwalimu akakwangua na ule weusi ukaruka machoni na puani, mganga akapandisha sauti, hewa ikawa nzito, harufu ya nguo mbichi ikajaa chumba kizima mpaka ikawa kama wamezama ndani ya beseni, na huko uani pah! pah! pah! ikawa haipumziki tena, inakimbizana na ufagio wa Mzimu pigo kwa pigo, mpaka ikawa haijulikani nani anamfuata nani, na katikati ya yote hayo Mwalimu, aliyekuwa ameinama anakohoa, akanyamaza ghafla, akainua uso mweupe kwa vumbi, mweupe pe, yanaonekana macho tu, akasema kwa sauti nene ya majimaji ambayo haikuwa yake:

"Mnanipigia kelele za nini?"

Ufagio ulimponyoka Mzimu.

"Toka kwa huyu binti!" mganga akafoka.

"Mimi ni wa ukutani. Nilifuata maji ya mvua, nikapata pa kukaa. Nimemkera kifua, sikatai. Mnataka niondoke, naondoka sasa hivi. Lakini mwenzangu hatoki."

"Mwenzako yupi? Taja jina lake!"

"Hana jina, hana harufu, haonekani, na mkimwita haitiki. Yumo ndani ya huyu tangu hajaota meno. Mnamwagia kichwani hivi sasa."

"Nani alimleta?" aliuliza Mama Mwalimu, na kisu alikuwa bado amekikamata.

Ule uso mweupe ukamgeukia polepole. "Baba yake alimleta mlangoni. Wewe ndiye uliyemkung'uta."

Mwalimu akaanguka kifudifudi. Asubuhi yake doa lilikuwa limekauka, linabanduka kama ukoko wa chungu, na harufu imekwisha. Mganga alipokea shukrani akaenda zake akijipongeza. Siku mbili baadaye Mwalimu akakohoa damu.

Hospitalini, daktari mwanamke aliyekuwa hajalala vizuri alining'iniza picha ya kifua penye mwanga. Alisema kuvu la ukutani lilizidisha kikohozi, lakini si hilo lililotanda kwenye utando wa pafu. Kisha akauliza swali ambalo Mama Mwalimu hakulitarajia.

"Kuna mtu nyumbani aliyefanya kazi na asbesto?"

"Mimi," alisema Mzimu. "Lakini mimi ni mzima, daktari. Sikohoi."

"Nguo zako za kazi zilifuliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Zikiloweshwa kwanza?"

Mama Mwalimu alikuwa anaikumbuka ile ovaroli. Maji aliyachota mbali, ndoo kichwani, na vumbi lile likiingia ndani ya beseni liligeuka tope, ndoo mbili zinapotea bure. Hivyo akabuni utaratibu, akausifia hata kwa wake za mafundi wengine, nao wakamuiga: nguo itundikwe kavu, ipigwe kwa fimbo mapigo matatu, igeuzwe, mapigo matatu mengine, ndipo iloweshwe. Kila jioni ya siku ya kazi, saa kumi na moja, mtoto akiwa mgongoni kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Mtoto alilipenda wingu lile. Alilicheka.

Daktari alieleza bila kumwangalia mtu. Vumbi lile ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikiingia hazitoki, zinaweza kukaa miaka thelathini zimetulia kabla ya kuanza kazi ya kuzaa saratani. Na kama paa lenu ni la asbesto, msilipige, msilikate, msilifagie kavu. Mzimu aliangua kicheko kibaya, watu wa kwenye foleni wakageuka.

"Msimamizi wetu alivaa barakoa siku zote," alisema. "Alituambia ana mafua. Miaka kumi na tisa ya mafua! Sisi tukapewa maziwa, eti yanashusha vumbi. Na tukashukuru!" Kisha akalia, mzee mzima, ameshika kofia yake.

Njiani Mwalimu alimshika mama yake mkono. "Hukujua, mama."

"Nyamaza, mwanangu. Usimalize pumzi."

Walimzika kabla mvua za mwaka uliofuata hazijafika. Mzimu aliwakataza watu wasimwite tena kwa jina lile, na watu, kwa mazoea, waliendelea kumwita. Paa lilibaki pale pale, maana aliyetakiwa kuja kulitoa kwa usalama aliahidi wiki hadi wiki.

Jioni moja Mama Mwalimu alikuwa anapepeta mchele wa watu wawili. Pah! Aliweka ungo chini. Safari hii hakutafuta jirani wala jini. Alitoka taratibu, akijua anachokwenda kukuta.

Mwanamke kijana alikuwa amesimama kamba iliponing'inia, amempa mgongo, shingo imara, mkono mwepesi. Ovaroli ya kijivu ilikuwa imetundikwa. Alipiga mapigo matatu, akageuza nguo, na wingu jeupe likapanda kwenye jua la jioni. Mgongoni mwake mtoto mchanga alikuwa amefungwa vizuri, kichwa kimechomoza.

"Loweka kwanza!" Mama Mwalimu alipiga kelele. "Wewe! Loweka kwanza!"

Mwanamke hakusikia. Aliimba kidogo, kwa furaha ya mtu anayejua kazi yake, akainua fimbo tena. Mtoto ndiye aliyegeuka. Alimtazama bibi kizee aliyesimama mlangoni, akamtambua, akafungua kinywa chake kisicho na jino akacheka, na vumbi likaingia.