Mkia Usiochomekwa

Mashine ilipaswa kukataa. Huo ndio uliokuwa walakini wa kwanza, na ulikuwa walakini mtamu, wa aina ambayo mtu mwenye kazi ya haraka haiulizii maswali.

Mwenye kompyuta alikuwa mchoraji wa nyumba. Wateja humletea ramani, naye huzigeuza kuwa picha zenye kuta, bustani na jua la asubuhi, hata mtu akaiona sebule yake kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kazi hiyo hutaka kadi ya picha yenye nguvu ndani ya kompyuta, na kadi ya namna hiyo hula umeme haswa. Ya zamani ilipokufa, fundi wake alimfungia mpya. Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Miwani, kwa kuwa alikuwa na miwani moja usoni na nyingine kichwani, na bado alikuwa akiuliza miwani yake iko wapi.

Shida ikawa pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Lilikuwa na waya mmoja tu wa kulisha kadi, na kadi ilitaka miwili. Miwani akapekua mfuko wake wa vyuma chakavu, akatoa adapta nyeusi yenye mdomo mmoja wa kuingia kwenye kadi na mikia miwili ya kupokea umeme. Mkia mmoja akauunga na waya uliokuwepo. Wa pili akauacha unaning'inia.

“Hii ni ya kushikiza tu, dada,” alisema. “Niliitoa kwenye kompyuta ya ofisi moja iliyoungua. Fanya kazi ndogondogo. Ukiipa kubwa itakosa umeme, itajizima, mpaka nikuletee pawa saplai inayofaa. Na siku ya kuichomoa, zima mashine kwanza. Usichomoe kitu kikiwa kinakula.”

“Maneno gani hayo,” mchoraji alicheka.

“Ndivyo tunavyosema mafundi.”

Lakini mkandarasi alitaka picha za ghorofa lake upesi, na mchoraji akajitia hamnazo. Akaipa mashine kazi kubwa. Haikujizima. Ilikwenda mbio kuliko siku zote, na picha ikatoka safi ajabu. Alifurahi, kwa nini asifurahi?

Chini ya meza alikaa binti yake. Walimwita Kasuku, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kufunga mdomo. Alimsimulia mama yake habari za sisimizi, za mwalimu, za jino linalocheza, na mama aliitikia “ehe” bila kusikia hata nusu yake. Hapo ndipo mchoraji aliponusa nywele zinazoungua. Alikagua waya zote, hazikuwa na joto. Kwenye picha, dirisha moja la juu lilikuwa linawaka taa ambayo hakuiweka. Akaifuta, akaanza upya. Taa ikarudi.

“Mama, miguu yangu ina baridi,” Kasuku alisema.

“Vaa soksi, mwanangu.”

Alivaa. Siku zilizofuata mikono yake ikawa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na hadithi zikapungua. Jino likang'oka asiseme. Mama alimpa dawa ya mafua na kurudi kwenye picha yake, ambako dirishani sasa palikuwa na mtoto, amekaa, amewapa mgongo.

Jioni moja umeme ukakatika mtaa mzima. Redio za majirani zikanyamaza, friji ikaguna na kutulia, na katika kimya hicho mchoraji akasikia feni ya kompyuta ikiendelea kuzunguka. Hakuwa na betri wala jenereta. Alipiga magoti, akamulika kwa simu ndani ya kompyuta iliyokuwa wazi ubavuni, na akaona kwamba ule mkia wa pili, ambao haukuwa umechomekwa popote, haukuwa tena unaning'inia bali umenyooka hewani, umekaza kama kamba inayovutwa upande wa pili, ukielekea mlangoni, na ng'ambo ya mlango huo, moja kwa moja, palikuwa na kitanda cha Kasuku.

Akampigia Miwani.

“Umeme hakuna,” alinong'ona, “na inafanya kazi.”

Fundi akauliza, “Ule mkia mwingine umeuchomeka wapi?”

“Sijauchomeka.”

“Basi kuna kitu kimeushika. Nakuja. Dada, nisikilize, usiuguse. Ukishindwa kungoja, izime kwanza, itulie, ndipo uchomoe.”

Mchoraji alikwenda kitandani. Mtoto alikuwa wa baridi mpaka shingoni, midomo ikichezacheza bila sauti. Mama gani angekumbuka kuzima? Alikimbia, akaikamata ile adapta, akaing'oa kwa mikono miwili. Feni ikasimama. Chumba cha pili Kasuku akashusha pumzi ndefu, na mama alipomkumbatia alimkuta ana joto, joto zuri, akalia kwa furaha. Miwani alipofika akihema, alimtupia ile adapta.

“Ikate. Ichome. Nisiione tena.”

Miwani aliikata vipande kwa koleo, akavichoma kwenye kopo uani mpaka vikawa donge.

Asubuhi umeme ulirudi. Miwani alileta pawa saplai mpya, kila waya ukapata mahali pake, bila adapta. Kasuku alikuwa jikoni anakunywa maziwa, kimya. “Bado amechoka,” mama alisema. Alikuwa amembusu kichwani, na nywele zilinuka moshi.

Miwani akawasha. Picha ya ghorofa ikafunguka yenyewe. Mtoto wa dirishani alikuwa amegeuka, viganja vyote viwili kwenye kioo, pengo la jino likionekana, na mdomo wake ulikuwa ukienda mbio, unasimulia na kusimulia bila kupumzika, na hakuna sauti iliyotoka.

“Dada,” Miwani alisema polepole, “jana uliizima kwanza?”

Mchoraji alikuwa anatazama lile kopo uani, ambamo njia pekee ya kumrudisha ilikuwa imebaki donge.

Nyuma yao hatua ndogo zilisimama. “Mama,” sauti ya bintiye ilisema kwa upole, “hiyo picha mbaya. Izime.”

Mashine haijazimwa hadi leo. Mchoraji amejifungia nayo chumbani, anakaa mbele ya dirisha lile akisoma midomo ya mwanawe na kumjibu kila neno, hata la sisimizi. Miwani humpitishia chakula kwenye dirisha la chumba, kwa sababu mlangoni, upande wa nje, ameketi mtoto mwenye joto, mtulivu, asiyesumbua mtu, anayengoja umeme ukatike.